Mwaka wa Mishale ya Luhende

Luhende alikufa Jumatano, na nilipofika Kalangalala, pale Geita, siku ya Ijumaa alikuwa bado hajazikwa, kwa sababu watu wazima wenye wajukuu walikuwa wanaigombania maiti yake. Niliposhuka kwenye bajaji mbele ya nyumba yake niliona majiko mawili. Upande mmoja, chini ya turubai la bluu, wanawake wa Kiislamu walikuwa wanapika pilau. Upande wa pili, chini ya turubai la jumuiya ya kanisa, wanawake wengine walikuwa wanasonga ugali na kuchemsha maharage, na katikati pakaachwa uwazi wa kupitisha lori ambao hakuna aliyetaka kuukanyaga. Mimi nilisimama papo hapo katikati na mkoba wangu. Nimezeeka, magoti yananiuma, nilikuwa nimetoka Shinyanga nimekaa upande wa jua njia nzima, na neno la kwanza kuambiwa ni la kijana mwenye kofia nyeupe: "Shikamoo mama. Wewe ni wa upande gani?" Nikamjibu marahaba, mimi ni wa upande wa marehemu. Alinitazama akaona nimechanganyikiwa na msiba, akanionyesha kiti cha plastiki.

Kutoka kwenye kiti kile nilisikia yote bila kutega sikio, maana watu wanaogombea jambo la kipuuzi hawajui kunong'ona. Waislamu walisema Luhende alikuwa akisimama safu ya pili msikitini kila Ijumaa, kanzu imepigwa pasi, na kwamba kumchelewesha hivi ni dhambi. Wakatoliki walisema ni mtoto wa misheni ya Ushirombo, kabatizwa, na Jumapili iliyopita tu alikuwa kanisani kikohozi kimembana. Wote walikuwa wanasema kweli, na hilo ndilo lililonikera. Kisha Mabula, mzee mwenzangu, ambaye nilimfahamu tangu alipokuwa kijana wa miwani ya jua na maringo, aliinua fimbo yake akawaambia vijana waliomzunguka, "Huyu aliyelala ndani ya sanduku ndiye aliyeleta tepu kwenye mishale. Mtu wa maendeleo." Mzee mwingine nyuma yake akadakia kwamba mzee Kisinza, Mungu amrehemu, alisema mpaka anakufa kuwa Luhende alikuwa mtu wa gundi. Wakaanza. Maiti iko ndani, imekosa kaburi, na wao wanabishana kuhusu tepu na gundi ya miaka ile. Nikajifunika khanga usoni, wakadhani nalia.

Mwaka wa mishale hiyo nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nimepelekwa Ushirombo kukaa na mama yangu mdogo, Bi Zena, kwa sababu ambazo hazina kazi hapa. Mumewe, baba mdogo Hemedi, alikuwa na duka linalotazama barabara. Aliuza khanga, chumvi, misumari, solushen ya viraka vya baiskeli, na tepu nyeusi za mafundi umeme, ingawa umeme wenyewe ulikuwa misheni tu na huko nako ulizimwa mapema. Nyuma ya duka kulikuwa na stoo, na stoo ilipakana na baraza kwa ukuta wa mabati. Mimi ndiye niliyepepeta mchele humo stoo, kwa hiyo hakuna mwanamume wa Ushirombo aliyetoa upumbavu wake barazani mwaka ule nisiusikie. Walikuja baada ya alasiri, wakaagiza kahawa, wakaketi kama mahakama. Nilidhani mwanzoni wanazungumzia mambo makubwa. Ilinichukua wiki nzima kuelewa kwamba mjadala ule wote, na mishipa ya shingo iliyokuwa inawatoka, ulikuwa juu ya namna ya kubandika manyoya kwenye mishale.

Kundi la ngoma la pale lilikuwa na desturi ya kushindana na kundi la wageni kila baada ya mavuno. Walicheza kwanza, na siku ya mwisho walilenga shabaha kwa upinde, na kundi lililoshindwa kulenga lilitembea kichwa chini mpaka mavuno mengine. Mwaka uliotangulia kundi letu lilikuwa limeaibika. Manyoya yalikuwa yamebandikwa kwa gundi ya ngozi ya ng'ombe, kama ilivyokuwa tangu zamani, mvua isiyo ya msimu ikanyesha usiku, gundi ikalainika, na mshale usio na manyoya ni fimbo tu, unakwenda unakotaka. Hapo ndipo walipogawanyika. Mabula alikuwa amerudi kutoka kwenye maduara, mashimo ya dhahabu ya Geita, ambako alikuwa ameona nyaya za pampu zikiungwa kwa tepu, na mtu aliyeona tepu Geita haambiliki tena. "Tepu hailowi," alisema. "Unalaza unyoya, unazungusha tepu, umemaliza. Nyinyi mnachemsha ngozi siku nzima kama wachawi." Mzee Kisinza, mtunza dawa za kundi, alimsubiri amalize, akanywa kahawa yake, akasema kwa Kiswahili chake cha Kisukuma, "Ng'wanawane, mwanangu, dawa itakaa wapi? Gundi inabeba dawa. Tepu inabeba nini? Tepu ni tepu duhu, tepu tu." Kwake yeye kundi halikushindwa kwa sababu ya mvua. Lilishindwa kwa sababu dawa ndani ya gundi ilikuwa kidogo. Na dawa yenyewe, nisikilize vizuri, ilikuwa majivu ya mzizi yaliyokorogwa na mafuta ya mkia wa kondoo.

Mwanamke yeyote aliyewahi kuosha sufuria ya nyama anajua kwamba kitu chenye mafuta hakishikiki. Wanaume wale walikuwa na wake, wake wale walikuwa na sufuria, na bado hakuna hata mmoja aliyewahi kwenda nyumbani akauliza. Na Mabula naye, bingwa wa maendeleo, hakuwahi kuiweka tepu yake juani aone inavyofanya. Mimi nilikuwa nimeiona dukani. Ile iliyokaa kwenye rafu ya dirishani ilitoa utando wa kunata pembeni ikateleza yenyewe, na baba mdogo akaihamishia kivulini. Kila upande ulijua kasoro ya mwenzake na haukujua ya kwake, na barazani pale hicho ndicho kilichoitwa hekima. Mpaka leo nikisikia watu wanasema wazee wa zamani walikuwa na busara, huwa nauliza wazee gani, maana wale niliowasikia mimi walinitosha.

Luhende ndiye aliyekuwa fundi. Alipanga chumba cha uani kwetu, chumba chenye kitanda cha kamba, mafungu ya nyuti za mishale yamening'inia kwenye boriti yakikauka, na sufuria ya gundi iliyonuka mpaka Bi Zena akawa anapika amejifunga mtandio puani. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye kicheko cha chini, na mikono ambayo ilikuwa raha kuitazama. Bi Zena alinituma kumpelekea chai, na chai ikawa ndefu. Akanifundisha kupasua unyoya wa kanga katikati kwa wembe, kukwangua ufito wake mpaka ulale sawa kwenye uti, na kuchagua manyoya ya bawa moja, yote ya kushoto au yote ya kulia, kwa sababu ukiyachanganya mshale unayumba. Tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga kwenye sinia moja, mlango ukiwa wazi kama heshima ilivyotaka. Nilimpenda, sioni haja ya kuzungukazunguka. Nilimpenda hasa kwa sababu hakunikatalia kitu. Nikisema anga limechafuka, alikubali. Nikisema mawingu hayo ya bure, alikubali pia. Nyumbani kwetu kila mtu alinipinga, kwa hiyo nilidhani nimepata mtu anayenielewa.

Baba mdogo aliona, na hakuwa mkali kama nilivyoogopa. Nilimsikia usiku mmoja wakila na Bi Zena, mimi nikiwa jikoni naosha vyombo. Alisema fundi anayeshinda kwa huyu na kulala kwa yule hawezi kuoa, lakini kundi likimpa kazi ya kudumu baada ya mashindano, akatulia Ushirombo, akasilimu, basi atamsikiliza. Bi Zena akamwambia mumewe, "Yule kijana ana ndiyo nyingi, baba Musa. Njia mbili zilimshinda fisi." Baba mdogo akacheka, akamwambia ndiyo nyingi ni tabia njema. Mimi nilishika sahani yangu nikaona dunia imeninyookea. Mishale ikienda vizuri, Luhende ni wangu. Ikienda vibaya, anafungasha wembe wake anaondoka. Nilianza kuipenda mishale ile kuliko hata wenyewe watakaoirusha.

Kwa hiyo nilimwendea nikamwambia. Nilikuwa nimeshasikia, kupitia mabati yangu, Mabula akimvuta pembeni na kumwambia lazima atumie tepu, na Luhende akajibu, "Sawa, kaka." Na kesho yake mzee Kisinza alikuja na kibuyu cha mafuta, akamwambia safari hii dawa iwe ya kutosha, na Luhende akajibu, "Sawa, baba," kwa sauti ile ile. Nilimkuta anakwangua unyoya.

"Luhende, gundi yenye mafuta haishiki," nikamwambia.

"Haishiki," akasema.

"Na tepu ikikaa juani inateleza."

"Inateleza kweli."

"Sasa?"

"Wewe unasema nifanyeje?"

"Tumia gundi safi, funga kwa mshipa wa ng'ombe kama unavyojua mwenyewe, halafu mishale uifunike na ngozi isipate mvua. Wakikuuliza, waambie wewe ndiye fundi."

Akatabasamu, akanimenyea karanga akaniwekea kiganjani. "Sawa, Tatu," akasema, akiniita kwa jina. Na mimi, ambaye nilikuwa nimesikia sawa mbili za namna hiyo ndani ya siku mbili, nikaamini ya tatu kwa kuwa ilikuwa yangu. Nililala usiku ule nimeshamaliza kupanga vyombo katika nyumba ambayo haikuwepo.

Siku ya kulenga shabaha jua lilikuwa kali la kiangazi, na mishale yetu ililetwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, ikaachwa juu ya mkokoteni wakati wageni wakipigiwa hotuba. Uwanja ulijaa mpaka kwenye mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa. Nilipita karibu na mkokoteni nikasikia harufu ya mkia wa kondoo. Nikainama. Juu ya kila mshale palikuwa na mzunguko wa tepu nyeusi unaong'aa, na chini ya tepu gundi yenye mafuta ilikuwa inachuruzika taratibu kama mchuzi. Alikuwa ameturidhisha wote. Mabula aliiona tepu akafurahi, Kisinza alijua dawa iko chini yake akafurahi, na mimi nilitakiwa kukaa mbali nisione. Nilimtafuta kwa macho. Alikuwa amesimama na watu wa pande zote mbili, anacheka kicheko chake cha chini.

Masele, mlengaji wetu wa kwanza, alikuwa mtu mzuri wa shabaha na hakustahili yaliyompata. Alivuta upinde, akaachia, na mkia wote wa mshale ukateleza nyuma kama soksi. Mshale ukageuka hewani, ukarudi upande wetu, ukachoma ngoma kubwa ya kundi katikati ya ngozi, na ngoma ikatoa sauti ambayo haikuwa imewahi kutoa. Wageni walikaa kimya kwanza kwa adabu. Mlengaji wa pili akaachia wake, tepu ikafunguka ikauburuta mshale mpaka ukaanguka mbele ya miguu yake. Hapo adabu ikawaishia. Walicheka wakalala chini, wakaimba wimbo papo hapo kuhusu watu wanaojipiga wenyewe, na nasikia mpaka leo unaimbwa. Mzee Kisinza alikuwa ameshika ngoma iliyotoboka kama mtu aliyeshika mtoto mgonjwa. Mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye mabua. Nilijua Luhende ataondoka, na pamoja na hasira yote nililia.

Hakuondoka, na hapo ndipo nilipojifunza binadamu ni kitu gani. Jioni ile barazani walikusanyika kutafuta mkosaji, nami nikiwa stoo na mchele wangu. Kabla mzee Kisinza hajafika, Mabula akasema kosa ni mafuta yake, akamgeukia Luhende: si kweli? Luhende akasema kweli, mafuta hayashiki. Baadaye Mabula alipokwenda kujisaidia, mzee Kisinza akasema kosa ni tepu, imeifunga dawa isipumue, si kweli? Luhende akasema kweli, tepu imeibana. Alichosema kilikuwa kweli tupu mara zote mbili, na kila mmoja akarudi kwake akijua kwamba fundi, mtu anayejua kazi, yuko upande wake. Ndani ya mwezi kundi lilikuwa limempa kazi ya kudumu. Hakuna aliyempinga. Walisema ni kijana asiye na makuu. Watu hawampendi fundi anayewaambia ukweli. Wanampenda anayewatikisia kichwa huku akiwaharibia kazi, na nimeliona hilo tangu Ushirombo hadi ofisi za Shinyanga bila kubadilika.

Basi baba mdogo akamwita Luhende sebuleni. Ilikuwa sebule ya makochi ya mbao yenye vitambaa vya kushonwa, saa ya ukutani isiyotembea, na birika la maji ya kunawa mlangoni. Nilikaa chumba cha pili nimeweka sikio kwenye pazia. Akaulizwa kama atasilimu. "Sawa, mzee." Kama atakaa Ushirombo. "Sawa, mzee." Bi Zena akaleta tambi za sukari kabla hata hayajaisha mazungumzo. Jumapili iliyofuata mwanamke wa misheni alikuja kununua chumvi, akaniambia kwa furaha kwamba katekista alikuwa amemuuliza Luhende juu ya uvumi wa kubadili dini, na yeye amemhakikishia habadili kitu. Nilipima chumvi yake, nikamfungia, nikaenda uani.

Alikuwa amekaa kizingitini anachonga uti. Nikamwambia, "Baba mdogo umemwambia utasilimu, katekista umemwambia husilimu. Mimi nataka kujua wewe mwenyewe unataka nini. Sitakasirika." Akaacha kuchonga. Naapa niliona anatafuta kwa bidii ndani yake kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, na uso wake ulikuwa mzuri. Kisha akainua macho akaniuliza kwa upole, bila hila yoyote, "Wewe unataka niseme nini?"

Ningeweza kumwambia. Angesema lile lile neno kwa neno, tungeoana, na angenipenda pia kama ningemwagiza anipende. Nilimwambia posa imekufa. Akasema sawa. Hakunibembeleza hata kidogo, akaokota kisu chake akaendelea kuchonga, na nilimdharau kuanzia pale kwa nguvu zote nilizokuwa nimempendea. Nilirudi Shinyanga kabla ya mvua. Niliolewa na mtu mbishi, tukagombana miaka mingi, na kila alipoinua sauti kunikatalia nilishukuru Mungu kimoyomoyo. Luhende nilisikia alikwenda Geita kwenye maduara, na kila mwenye duara alimsifu.

Kwa hiyo nilipofunua khanga usoni pale Kalangalala, nikakuta wazee wa maturubai yote mawili wamesimama mbele yangu, sikushangaa. Kuna mtu alikuwa amewaambia kwamba mimi ndiye mchumba wake wa Ushirombo. Mwenye ndevu ndefu kuliko wote akasema, "Mama, inasemekana alisilimu kwa ajili yako. Alisilimu au hakusilimu? Neno lako tutalifuata." Mkubwa wa jumuiya akatikisa kichwa kukubali. Miaka yote ile, na bado wanaume wanatafuta mtu wa kuwaambia Luhende ni wa nani. Nikawauliza kama wamemuuliza mkewe. Wakatazamana. Mke yuko ndani na wanawake, wakasema, mke analia.

Niliinuka, magoti na yote, nikaingia ndani, na wao wakanifuata mpaka mlangoni. Mama Sayi, mke wa marehemu, alikuwa amekaa kwenye mkeka, mwanamke mwembamba wa Kizinza ambaye sikuwahi kumwona. Hakuwa analia. Nilikaa kando yake, nikampa pole, nikamwambia wazee wanataka kujua mumewe alitaka azikwe vipi.

"Nilimuuliza mimi," akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka sana. "Kule hospitali. Nilijua hawa watagombana. Nikamwambia, baba Sayi, unataka tukuzike namna gani?"

"Akasemaje?" mwenye ndevu akauliza kutoka mlangoni.

"Akaniambia, wewe unaonaje, mama Sayi?"

Nilicheka. Nilicheka msibani, kwa sauti, mbele ya wanaume, na wanawake wote wakageuka kunitazama. Mama Sayi hakukasirika. Aliniwekea mkono gotini akasubiri nimalize.

"Nilimfuta jasho," akasema. "Alikuwa anahangaika na pumzi toka asubuhi, macho ananitazama mimi tu, kama anayengoja kutumwa. Nikamwambia, baba Sayi, mimi naona upumzike sasa. Akasema, sawa."

Akakunja kona ya khanga yake, akaikunjua.

"Akapumzika saa ile ile."